Barua ya Kumwombea Binti Nafasi

Binti alikuja Jumamosi asubuhi, nikiwa nachambua mchicha barazani. Alikuwa na bahasha ya kaki na kalamu mpya ya bluu. Akasema shikamoo Mwalimu, nikasema marahaba, akavuta kigoda na kuanza kunisaidia mchicha bila kuambiwa. Nikajua tu. Mtu akija na bahasha halafu akashika kazi yako kabla hajasema shida yake, anataka barua.

"Mwalimu, nataka kwenda utawani."

Niliendelea na mchicha kidogo, maana sikuwa na jibu. Ana miaka ishirini na mbili. Anakaa kwa mama yake mdogo hapa mjini, lakini kwao ni Matombo, upande wa pili wa milima. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne kabla sijastaafu, na sasa hivi ndiye anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza pale kigangoni. Nikimwona na wale watoto huwa namwonea wivu kidogo. Mimi nilifundisha zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kunyamazisha darasa bila kupaza sauti.

Barua hizi nimeziandika nyingi. Morogoro ni mji wa shule, na shule za dini humu hazihesabiki haraka. Ukitoka mjini kwenda Bigwa unapishana na masista na waseminari njia nzima. Mgolole wapo Masista wa Moyo Safi wa Maria. Kola kipo Chuo Kikuu cha Jordan, ambacho kilianza kama chuo cha falsafa na teolojia cha Wasalvatoriani. Ukielekea Msamvu kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kwenye majengo ambayo sisi wa zamani bado tunayaita chuo cha TANESCO. Mwalimu wa sekondari akikaa mji huu miaka mingi, na tena akawa katibu wa jumuiya, ataandika barua za kila rangi. Nimemwandikia binti wa jirani yangu Mwislamu. Nimemwandikia binti wa Kilutheri aliyekwenda kusomea teolojia Makumira, maana kanisa lao liliruhusu wanawake kuwa wachungaji miaka ya 1990. Na wasichana wa kwetu, wa utawani, nimewaandikia kumi na mmoja. Huyu angekuwa wa kumi na mbili.

Watu wanadhani barua ya namna hii ni ya kusifu. Unaandika mtoto ni mtulivu, mcha Mungu, mtii, anajituma, unatia sahihi. Paroko naye anaandika yake, kinawekwa cheti cha ubatizo na kipaimara, matokeo ya kidato cha nne, karatasi ya daktari, basi. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka nilipoandika barua moja ambayo hadi leo inaniamsha usiku.

Ilikuwa zamani kidogo, nikiwa bado natembelea baiskeli. Mama mmoja alikuja nyumbani jioni, analia. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa ya kuendelea. Baba wa kambo alikuwa ameshapokea posa ya mwanamume mmoja wa Kilosa, mtu mzima mwenye wake wengine. Mama akasema, Mwalimu, pa kumficha ni kwa masista tu, kule hata baba yake hawezi kwenda kudai. Nikamwonea huruma. Niliketi na taa ya chemli nikaandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba msichana huyu ana wito wa kweli tangu utotoni, kwamba nimeushuhudia ukikua, kwamba sala ndiyo furaha yake. Ukweli ni kwamba nilimfahamu kwa mihula miwili, alikaa nyuma karibu na dirisha, na hajawahi kuniambia neno lolote kuhusu utawa. Sikumuuliza hata siku ile. Barua niliikabidhi kwa mama.

Akapokelewa. Alikaa mwaka mmoja na nusu, akarudi. Hakuna aliyemkosea kule, na yeye mwenyewe hajawahi kusema vibaya. Lakini mji huu mnaujua. Kijana akirudi kutoka seminari watu wanasema ameghairi, wanamtafutia kazi. Msichana akirudi kutoka utawani wanatazama tumbo lake. Miezi mingi alikuwa akienda kanisani misa ya kwanza, ya gizani, ili asionekane.

Siku moja nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. "Mwalimu, kila mama mlezi aliponiuliza juu ya wito wangu, nilikuwa nasema maneno ya barua yako. Mama alinisomea kabla ya kuifunga. Niliyakariri yote."

Baadaye nilisoma Sheria za Kanisa, zile za mwaka 1983, nikakuta jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla. Anayeingia unovisi kwa kulazimishwa, au kwa hofu kubwa, au kwa kudanganywa, kupokelewa kwake si halali. Sheria zinataka awe ametimiza miaka kumi na saba, awe na afya, awe na tabia inayofaa na ukomavu wa kutosha. Na zinapanga muda mrefu makusudi: unovisi usipungue miezi kumi na miwili, halafu nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo zije za daima. Yaani Kanisa lenyewe halina haraka. Mwenye haraka siku ile nilikuwa mimi na kalamu yangu. Yule mtoto alikimbia hofu moja na mimi nikaifunika hofu hiyo kwa maneno mazuri, wale waliopaswa kuiona wasiione.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu. Siandiki kitu nisichokiona. Namuuliza binti mwenyewe, peke yake, mama yake akiwa mbali. Na naenda kwao.

Kwa huyu wa Matombo sikuwahi kwenda, kwa sababu kwao walinifuata wenyewe.

Mjomba wake alishuka Jumanne iliyofuata. Alikuja na mkungu wa ndizi na mdalasini uliofungwa kwa kamba ya mgomba, akakaa palepale barazani. Mtu wa makamo, mpole, anaongea chini chini. Tuliulizana habari za mvua, za barabara, za bei ya mananasi. Alipomaliza chai akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, wewe ni Mluguru au mji umeshakusahaulisha?"

Nikamwambia ni Mluguru.

"Basi sina haja ya kukueleza mengi. Dada yangu amezaa wavulana wanne, na msichana mmoja. Huyu."

Kwa msomaji asiye wa milimani, ngoja nieleze mimi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina la ukoo, shamba, makaburi, vyote vinapita kwa mwanamke. Tawi la ukoo wazee wanaliita tombo, yaani ziwa, kwa kuwa wote waliomo wamenyonya kwenye chimbuko moja. Jina la Matombo lenyewe linatokana na mawe mawili ya mlimani yanayofanana na maziwa ya mwanamke. Kwa hiyo ukoo wenye wavulana wanne na msichana mmoja, kwa hesabu zetu, umesimama kwa mguu mmoja.

Mjomba akaendelea. "Kijana wetu mmoja alikwenda upadri. Tulicheza ngoma, tulichinja. Unajua kwa nini? Siyo dini tu. Hatukupungukiwa. Watoto ambao angezaa wangekuwa wa ukoo wa mkewe. Lakini huyu akienda, Mwalimu, nyumba ya dada yangu imefungwa mlango. Lile shamba la migomba la bibi yake atalichukua nani? Mimi nimelitunza miaka yote, lakini si langu. Nalitunza kwa ajili yake na watakaotoka kwake."

Nikamuuliza kama anamchukia Mungu kwa hilo. Swali baya, najua. Akacheka.

"Mimi ni mwenyekiti wa kigango kule, Mwalimu. Nimebatizwa na babu yangu alibatizwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro mwaka 1882, na sisi tunasali tangu enzi za babu zetu. Sisemi asimpende Mungu. Nasema ukoo nao uulizwe. Mtu akikuazima jembe, si unaaga kabla hujaenda nalo mbali?"

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Ningeweza kusema huyu ni mzee wa mila anayemzuia binti, nikafunga mjadala. Hadithi za hivyo tunazipenda, na mimi mwenyewe nimezifundisha darasani: msichana msomi upande huu, ukoo wa giza upande ule. Lakini mtu aliyekaa barazani kwangu hakuwa na mahari mfukoni. Hakuna mwanamume wa Kilosa aliyemtuma. Alikuwa anaomboleza kitu ambacho bado hakijafa, na hakukosea hesabu.

Katika siku hizo nilikuwa nasoma habari za mwanamke mmoja Myahudi wa Berlin, Regina Jonas. Sikumtafuta kwa ajili ya jambo hili, lakini nilipofika katikati niliona ni habari ya barua ileile. Jonas alisoma katika chuo cha juu cha elimu ya Kiyahudi pale Berlin, chuo kilichopokea wanawake lakini wao wakawa wanatoka na cheti cha ualimu wa dini. Yeye alitaka kuwa rabi. Akaandika tasnifu yenye swali moja: je, mwanamke aweza kushika kazi ya urabi? Akajibu kwa kutumia sheria zao wenyewe kwamba aweza. Mwalimu aliyemsimamia, Eduard Baneth, alikufa mwaka 1930, na hivyo sahihi ya daraja ikakosa mkono wa kuitia. Leo Baeck, mwalimu mkubwa aliyeheshimiwa na wote, hakuwa tayari kuitia, kwa kuwa ingeleta mfarakano kati ya Wayahudi. Jonas akafundisha watoto dini miaka mitano. Mwaka 1935 rabi mwingine, Max Dienemann wa Offenbach, akamfanyia mtihani na akatia sahihi. Jonas aliuawa Auschwitz mwaka 1944, na kwa miaka mingi karibu kila mtu alimsahau, mpaka makaratasi yake yalipokutwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo wanawake marabi walikuwa wameshakuwa wengi Marekani. Wa kwanza huko, Sally Priesand, alipewa daraja mwaka 1972, na alikuwa akiitwa wa kwanza duniani.

Wayahudi si watu wa mbali sana na sisi kama tunavyodhani. Mbale, Uganda, wako Abayudaya, waliomfuata Semei Kakungulu kwenye dini hiyo mwaka 1919, na rabi wao Gershom Sizomu alikwenda kusomea hadi Los Angeles, akapewa daraja mwaka 2008. Na wana jambo moja ambalo Mluguru analielewa bila mkalimani: kwa mapokeo yao, mtoto ni Myahudi kwa sababu mama yake ni Myahudi. Nilimfikiria yule mjomba. Angewaelewa.

Kilichonishika kwa Jonas ni wale wanaume watatu wa sahihi. Mmoja alikufa kabla. Mmoja aliogopa kuvunja nyumba. Mmoja alisaini. Nilipoanza kusoma nilikuwa upande wa Dienemann moja kwa moja, nani asingekuwa? Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyomfikiria Baeck, ambaye naye hakuwa mtu mbaya. Aliona nyumba nzima pamoja na binti aliyesimama mlangoni. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba gharama ya amani ya nyumba ilibebwa na yule binti peke yake. Na mimi kwa yule wa kwanza nilifanya kinyume: nilisaini haraka, na gharama akaibeba vilevile yeye.

Nikamwita binti. Nilimkalisha ndani safari hii, siyo barazani.

"Unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu, Mwalimu."

"Una mchumba?"

"Alikuwepo. Tuliachana vizuri, mwaka juzi. Ana mke sasa, nilikwenda harusini."

"Mama yako anasemaje?"

"Analia, halafu ananisaidia kufua zile shuka nyeupe za orodha."

"Mjomba?"

Akanyamaza. Alitazama ukutani penye kalenda ya parokia. Akasema, "Mjomba ana haki. Ndiyo maana siwezi kwenda kumwambia. Angekuwa na makosa ingekuwa rahisi."

Hapo ndipo niliposhawishika kwamba huyu anajua anachofanya. Yule wa zamani angesema mjomba hana imani.

Niliandika usiku ule. Nilifuta mara tatu. Sitaweka barua yote hapa, wala jina la shirika, lakini kiini chake kilikuwa hivi: kwamba namfahamu tangu kidato cha tatu, kwamba nimemwona akifundisha watoto miaka miwili na hajachelewa hata siku za mvua, kwamba ana hasira ya karibu, inawaka na kuzimika haraka, na hajajifunza kuificha, kwamba nilimhoji peke yake na sikuona hofu wala shinikizo. Halafu nikaandika aya ya mwisho: "Mjomba wake, ambaye kwa desturi yetu ndiye msemaji wa ukoo, hajaridhia. Sababu zake si za chuki wala za mali. Binti huyu ndiye msichana pekee wa nyumba ya mama yake, na ukoo unaona unapoteza uzao wake. Naona ni vema mjue hili kutoka kwangu kabla hamjalijua kwingine. Mimi namwombea nafasi, nikijua hilo."

Sikuifunga. Nilimpa aisome.

Alisoma mara moja, akarudia. Ile hasira niliyoitaja kwenye barua ikaja palepale, kama vile niliiita. "Mwalimu, umeniharibia. Watasoma hii watasema niende kwanza nikaelewane na kwetu. Wako wasichana kumi wanaotaka nafasi ile ile na barua zao hazina mjomba!"

Nikamwambia anaweza kutafuta mwalimu mwingine, sitachukia. Wapo wengi. Akaiacha barua mezani, akaondoka bila kuaga. Miaka yote niliyomfahamu hajawahi kuondoka bila kuaga.

Nilijilaumu sana siku zile. Nilijiuliza kama nimemwandikia yeye au nimemwandikia yule wa kwanza, nikijaribu kulipa deni kwa mtu asiyenidai. Inawezekana. Mwalimu akishazeeka makosa yake ya zamani yanakaa naye mezani kila akishika kalamu. Jumatano mjomba alinipigia simu kutoka Matombo, mtandao unakatika katika.

"Umeshaandika, Mwalimu?"

"Nimeandika."

"Mimi umenitaja?"

Nikamsomea aya ile. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Hapo kwenye chuki na mali, rudia."

Nikarudia.

"Sawa," akasema. "Mimi bado nakataa. Lakini sawa."

Alhamisi binti alirudi. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Hakuvuta kigoda. Alichukua barua, akaitia kwenye bahasha ya kaki yeye mwenyewe, akailamba gundi na kuifunga mbele yangu. "Nimejaribu kuwaza nitakavyojibu wakiniuliza," akasema, "nikaona afadhali waniulize hilo kuliko wasiniulize kitu."

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa tano ameitwa kwenda kukaa juma moja na wenzake, lile wanaloliita njoo uone. Sista aliyempokea, alivyonieleza, hakuanza na masomo wala sala. Alianza na mjomba. Alitaka kujua ni mtu wa namna gani, anakaa wapi, na kama atakubali kupokea wageni, kwa sababu kabla ya kumchukua binti kwenye uaspiranti wao hupenda kufika nyumbani. Wamemwambia mwezi wa saba, barabara ikikauka, watapanda Matombo. Kabla ya hapo, yeye atangulie kuaga.

Kuaga, siyo kuomba ruhusa. Nilimuuliza kama sista alisema neno hilohilo. Akasema ndiyo, hilohilo.

Sijui itakuwaje. Mjomba anaweza kumfukuza. Anaweza kuwachinjia masista mbuzi na bado akakataa, namwona ni mtu wa hivyo. Na hata wakimpokea, mbele yake kuna miaka mingi kabla ya nadhiri za daima, na mlango wa kurudi uko wazi muda wote huo. Akirudi, mimi nitakuwa wa kwanza kwenda naye misa ya saa nne, ile yenye watu wengi, tukae mbele.

Jana alikuja kuniomba nauli. Nikampa, halafu nikamwambia arudishe moja, maana mimi nilikuwa nimehesabu mbili. Jumamosi tunapanda wote. Yule mzee alikuja kwangu na ndizi, na mimi sijawahi kufika kwake.